Chelezo Njiani pa Wanyama

Vita vyetu vilikuwa vya kijinga, na nasema hivyo mimi niliyevipigana. Wakulima tulikuwa na kamanda, Mangi, fundi wa redio wa Tarasaa aliyejipa cheo mwenyewe. Wafugaji nao walikuwa na wao. Tulipigania malka, njia ya ng'ombe kuteremkia mtoni, ambayo sisi tulikuwa tumeipanda mahindi. Kila upande ulijiita jeshi. Jeshi la mapanga na bunduki tatu.

Siku ya mafuriko mtumbwi wangu ulipinduka juu kidogo ya kijiji cha Kau. Nikashika gogo. Upande wa pili wa gogo hilo alikuwa Hiribae, adui, mtu mrefu asiyejua kuogelea, bunduki yake imejaa matope. Tulitukanana mpaka maji yakatuingiza kwenye mfereji ambao sikuwahi kuuona, na mto huu nimezaliwa kando yake.

Mfereji ulitutupa kwenye ziwa lililozungukwa na majani marefu kuliko minazi. Palikuwa na wanyama ambao binti yangu anao kwenye kitabu cha shule, wale wa kabla ya binadamu: shingo kama mnara wa simu, miguu kama mibuyu. Ndege walikuwa na meno. Hiribae aliwatazama sana, kisha akasema hawana nundu, sokoni hawafai. Huyo ndiye mtu niliyetumwa kumuua.

Mfereji ulikuwa unapungua maji kila siku. Ukikauka, hatutoki tena. Mimi nilikuwa na panga, yeye alikuwa na kamba ya kufungia ng'ombe. Nilikata magogo, yeye akayafunga yawe chelezo. Mafundo yake yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Mahali pa kazi nilichagua mimi: peupe, tambarare, karibu na maji. Hiribae akaonyesha udongo uliokanyagwa, akasema hapo wanyama wanapita kwenda kunywa, tusogee.

"Hata huku mnadai malka?" nikamuuliza.

"Si mimi nadai. Ni wao."

Nilikataa. Nifundishwe ukingo wa maji na mchunga ng'ombe?

Siku ya nne, jua la mchana, wakaja, kundi zima. Nilifanya tunavyofanya shambani: nikapiga panga kwenye gogo na kupaza sauti. Ng'ombe angekimbia. Kiboko angefikiri mara mbili. Hawa waliongeza mwendo.

"Wee mkulima, funga mdomo," Hiribae akasema. "Wana kiu, hawarudi nyuma. Vuta hicho kitu kando, mimi nitawachelewesha."

Akawaendea na fimbo aliyoiokota, akipiga mluzi wa polepole, ule wa kunyweshea ng'ombe. Jike kubwa lililotangulia likapunguza mwendo, likashusha kichwa kumnusa, likasimama. Waliofuata nao wakasimama. Akaanza kuwaachia wapite kunywa wachache wachache, kama yuko kisimani kwao.

Nilivuta chelezo kwa bega mpaka kikaelea. Nikapanda, nikashika pondo, mti mrefu wa kusukumia. Mfereji ulikuwa mbele yangu, maji yakifika magotini tu. Yeye alikuwa bado katikati ya miguu ile. Nirudi peke yangu, Mangi anipe cheo. Niliwaza hilo kwa muda wa kutosha yeye kugeuka na kuniona. Hakuniomba. Aliendelea na mluzi wake.

"Njoo basi," nikamwambia. "Unangoja ubebwe?"

Akaja akitembea. Alisema baadaye kwamba ukikimbia, mifugo nayo hukimbia.

Tulitoka. Chelezo kilikwaruza mchanga njia yote, na mara mbili nilishuka kukisukuma. Tulipofika mtoni nilimpeleka ng'ambo yake kwanza, maana huko ndiko mkondo ulikotusukuma, si kwa wema. Akashuka, akasimama kwenye tope akifungua kamba yake kutoka kwenye magogo ya nyuma.

"Ulitaka kuniacha," akasema.

"Nilitaka. Lakini chelezo kama hiki mtu mmoja hakiwezi."

Akazungusha kamba mkononi, hana haraka.

"Umekiendesha peke yako," akasema. "Mimi nilikuwa nimekaa tu."

Nilisukuma pondo, na magogo yakaanza kuachana chini ya miguu yangu.