Jicho Alilosingiziwa Rhobi

Mwaka ule mvua zilipochelewa Kenyamonta, mtoto wa Nyangi alishikwa na homa, na kabla homa haijashuka Nyangi alikuwa amekwisha kumpata aliyeileta. Ni jirani yake Rhobi, alisema, aliyepita uani kwake asubuhi bila salamu akamtupia mtoto jicho la pembe.

Rhobi alijua kinachomngoja. Mwanamke wa jicho baya hurudishwa kwao, na mtoto wake hubaki kwa baba, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa. Mugesi wake alikuwa na miezi saba, hajaota hata jino.

Wazee wakakaa kusikiliza shauri. Karani wao alikuwa Nikodemo, yule yule aliyewafundisha wanawake kusoma jioni katika banda la kanisa, na Rhobi hakukosa darasa hata siku za kupura wimbi. Huko walikuwa wamefundishwa maneno ya macho. Kukodoa ni kuyafungua macho bila kupepesa, kama bundi. Kukazia ni kumshika mtu kwa macho usimwachie. Kukata jicho ni dharau, nayo ikishapita imepita. Lakini jicho la pembe lina wivu ndani yake, na asiye na wivu hawezi kulitoa. Wanawake walijaribiana, wakacheka mpaka taa ikaisha mafuta.

Sasa hakuna aliyecheka. Nikodemo akamwuliza Nyangi kama mtoto alikodolewa macho. Hapana. Alikaziwa macho?

"Wapi! Aliangalia mara moja, akapinda shingo kama kuku aliyeona mwewe, akakaza mwendo."

Mzee mmoja akasema hilo ni la pembe, liandikwe, watu wakakamue ng'ombe. Nikodemo akaandika.

Rhobi akaambiwa aseme lake. Akasimama, akawapa wazee mgongo.

"Mnamwona?" Nyangi akasema. "Hata ninyi anawadharau."

Rhobi akauambia ukuta, "Karani, uliza kwanza ni nani alikuwa amekaa nyuma ya mtoto."

Akaambiwa amtaje mwenyewe, akatikisa kichwa. Ilibidi Nyangi akumbuke. Alikuwapo mzee Matiko, aliyekuja kuazima shoka, akapewa kigoda na kibuyu cha togwa. Macho yote yakamwendea Matiko, aliyekuwa ameketi pale pale kati ya wazee. Ndiye baba mkwe wa Rhobi, na mkwe wa Kikurya hamtazami baba mkwe usoni wala halitamki jina lake. Naye mzee huona aibu kujadili mbele ya watu macho ya mke wa mwanawe, ndiyo maana alikuwa amenyamaza tangu asubuhi.

Matiko akakohoa.

"Alikuwa ananikimbia mimi," akasema. "Angesimama pale kusalimia, ningemtoza mbuzi."

Wazee wakakubaliana. Nikodemo akaufuta ule mstari, akaandika kwamba Rhobi alikwepa kwa heshima, na kwamba atakaa kwake na mtoto wake. Rhobi akatoka kwa kupitia nyuma ya wazee, mkono ukutani, uso upande.

Nyangi hakuomba radhi. Alimkuta Rhobi njiani amekaa juu ya jiwe akimnyonyesha Mugesi, akasimama kidogo huku akiifunga upya kanga ya mgongoni. Mtoto wake mwenyewe alikuwa bado ana joto.

"Mama Mugesi, kesho unakwenda kuteka saa ngapi?"

"Jua likichomoza."

"Unipitie basi. Lakini ukimwona mkweo hapo kwangu, kohoa nijue ni wewe."

Rhobi akasema atakohoa.