Shemeji Aliyenyamazisha Boti

Saa tatu asubuhi Mama Tela alizungusha ufunguo, na boti yake ikamjibu: tik. Akazungusha tena. Tik. Saa nne mkaguzi wa vyombo vya majini angekuwa amesimama pale gatini na karatasi zake, na boti yenyewe ilikuwa bado inamfyonya.

"Usiilazimishe, shemeji," sauti ikatoka chini ya dashibodi. "Hiyo ni fyuzi."

Mwenye sauti alikuwa kaka wa marehemu mumewe, fundi redio, mtu wa makamo aliyejaa tumbo. Tangu boti inunuliwe wiki iliyopita, yeye alikuwa amelala chali pale chini, miguu nje, tochi mdomoni. Jana ilikuwa betri. Juzi ilikuwa nyaya. Siku moja kabla ya hapo walizungusha starta mpaka betri ikakaribia kukata roho, injini haiwaki, kumbe ile kamba nyekundu ya usalama, ambayo isipochomekwa injini haiwaki hata uisomee dua, Shemeji alikuwa ameichomoa akafungia mfuko wake wa spana. Akaichomeka, injini ikawaka, naye akatazama huku na huku kama anayesubiri kupigiwa makofi.

Karakana ya fundi wa boti ilikuwa hatua hamsini tu kutoka gatini. Mama Tela aliiona kila akiinua macho. Lakini katika ukoo ule kazi haitoki nje ilhali ndani kuna fundi, na fundi ndiye huyu. Pasi ikiungua, yeye. Cherehani ikigoma, yeye. Siku Mama Tela alipotaja tu kwamba labda amwite mtu wa boti aiangalie, Shemeji alinuna siku mbili, akipita uani bila salamu. Naye angemfanyaje? Huyu ndiye aliyekesha hospitalini wiki tatu na mumewe, akimgeuza, akimfuta jasho, mpaka pumzi ya mwisho. Mtu wa namna hiyo humwambii hajui kitu. Unameza. Na Mama Tela alikuwa amemeza mpaka koo linamuuma.

Wala hakununua boti kwa starehe. Miaka kumi na minane aliendesha trela, ndiyo maana ya hilo jina, akiondoka nyumbani wiki sita kwa mpigo. Sasa kamati ya shule ilikuwa tayari kumpa kazi ya kuvusha wanafunzi asubuhi na jioni, mradi mkaguzi aipitishe boti. Isipopita, bosi wake wa zamani alikuwa na trela linalosubiri dereva, na alitaka jibu kabla ya saa tano asubuhi. Binti yake alikuwa na miaka kumi na minne. Safari ya mwisho alimwambia mama yake pale mlangoni, bila hata kulia: "Ukiondoka tena, mama, usinipigie simu kuniuliza nimekula nini. Njoo uone."

Tik.

Mama Tela akaacha ufunguo, akatazama mkono wa gia. Ulikuwa umesogea mbele kidogo, unene wa kidole.

"Shemeji."

"Naam."

"Gia haiko huru. Boti haiwaki ikiwa kwenye gia."

"Nani kaisogeza?"

Kila Shemeji alipoingia chini ya dashibodi, bega lake lilikuwa likiusukuma ule mkono. Kila siku. Wiki nzima ya kufungua fyuzi na kufunga fyuzi, na ugonjwa ulikuwa bega la daktari. Mama Tela akavuta pumzi, akarudisha gia mahali pake, akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma.

Shemeji akatoka kwa kinyumenyume, vumbi kifuani, uso unang'aa. "Si nilikwambia ni fyuzi?"

Mama Tela akataka kumpiga kwa ndoo. Akazima injini, akachukua kitambaa, akafuta viti ambavyo vilikuwa safi.

Angalau kelele za siku za mwanzo zilikuwa zimekwisha. Siku ya pili injini ilipowaka, haikupita hata dakika tano boti ikaanza kupiga yowe, mlio mmoja mwembamba usiokatika, mpaka watu wa gatini wakaziba masikio. Shemeji akaingia chini na koleo, na mlio ukakatika ghafla. "Nimeitibu," akasema. Mama Tela, kichwa kikimwanga, akasema asante, tena kwa moyo wote. Tangu hapo walikuwa wakiiwasha kila ilipokubali, robo saa, nusu saa, imefungwa palepale gatini, na boti ilikaa kimya kama maji mtungini.

Mkaguzi alifika saa nne kamili. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira na sauti ya chini, mtu asiye na haraka. Akahesabu majaketi ya kuokolea. Akapiga honi. Akavuta kamba nyekundu kuona kama imeshika. Kisha akasema, "Zungusha ufunguo nusu. Usiwashe."

Mama Tela akazungusha nusu. Mkaguzi akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Mbona hailii?"

"Imeshatibiwa," Shemeji akadakia.

"Boti iliyo nzima hulia mara moja ukiiamsha, ujue sauti bado inayo. Hii mbona bubu?"

Shemeji akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kitu cheusi, ukubwa wa kifuniko cha chupa, nyaya mbili zikining'inia. Akakiweka kiganjani kama anayeonyesha jino lililong'olewa. "Hiki ndicho kilichokuwa kinatusumbua."

Mkaguzi hakukitazama. Alimtazama Mama Tela, na Mama Tela akahisi uso wake unawaka.

"Kirudishe," mkaguzi akasema.

Kikarudishwa. Injini ikawashwa. Mkaguzi akaenda nyuma, akachuchumaa karibu na injini, akangoja. Dakika moja. Tatu. Ya nne, yowe likaanza, lilelile.

"Zima!" Mkaguzi akanusa, akasogeza kiganja karibu na kifuniko cha injini, akakirudisha haraka. "Mlio mmoja mrefu ni joto. Ungekuwa wa kukatikakatika, ningekwambia angalia oili. Injini ikiwa nzima hukojoa maji hapa nyuma, mkondo unauona. Hii haikojoi hata tone. Kuna mpira mle ndani unaovuta maji ya kupoza. Boti ikikaa sana nchi kavu, mpira unakauka, unavunjika. Mmeiwasha hivi mara ngapi?"

Mama Tela akahesabu kwa vidole, vya mkono mmoja vikaisha, akaanza vya pili.

"Basi si mpira peke yake. Injini imeungua. Kiasi gani, mpaka ifunguliwe." Akaandika. "Leo haipiti. Nitarudi baada ya wiki mbili. Ikilia na kukojoa, naipitisha. Kama kichwa cha injini kimepinda kwa joto, sijui kama itapona. Fundi wako ni nani?"

Hapo uvumilivu ukamwishia Mama Tela. "Wiki nzima!" akamgeukia Shemeji. "Wiki nzima umelala chini ya dashibodi yangu! Nilikuomba tuite mtu, ukaninunia kama mtoto! Boti inapiga mayowe inaungua, wewe unaiziba mdomo! Hujui, shemeji! Hujui boti! Ungesema tu hujui, ungekufa?"

Watu wa gatini wakasimama kutazama. Shemeji alikuwa amefumbata mikono, anatazama sakafu. Mama Tela alikuwa na mengine, ya miaka, ya pasi na cherehani, yamejipanga. Lakini akajisikia mwenyewe akisema, kwa sauti iliyopungua, "Na mimi, mwenye miaka kumi na minane barabarani, ninayejua nati ikilegea kwenye tairi la nyuma, nikakwambia asante."

Mkaguzi akafunga karatasi zake, akaaga, akaondoka.

Shemeji akakaa kwenye kiti cha abiria. Akaonekana mzee. "Hata kwa ndugu yangu," akasema, "zile mashine za hospitali zilikuwa zikilia usiku kucha. Mimi ndiye niliyewaomba manesi wapunguze sauti. Sikuweza kuvumilia." Akafuta uso kwa mkono wenye grisi. "Mwite yule fundi wa boti, shemeji. Mimi najua redio."

Mama Tela akachukua kile kitambaa, akampa afute uso. Hasira ilikuwepo bado, lakini haikuwa na pa kwenda.

Simu ikaita. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano, na mpigaji alikuwa bosi wake wa zamani.

"Vipi, dereva? Boti imepita?"

"Haijapita."

"Basi kesho alfajiri trela linaondoka. Njoo uchukue funguo."

Mama Tela akaitazama injini. Ilikuwa bado inafuka joto.

"Mtafute mwingine, bosi."

"Umepata kazi nyingine?"

"Sijapata."

"Sasa utakula nini, mama?"

"Sijui," akasema. "Ila nitakula na mwanangu."