Umri wa Kwenye Kadi

Boaz alimpunguzia mama yake miaka kumi na tisa kwa kalamu moja. Bima ya kazini kwake mgodini haikupokea wazazi waliovuka sitini. Basi Mama Lukresia, mwenye miaka sabini na minane, akaandikwa hamsini na tisa kwenye kadi ya bima. Ukoo mzima ukampongeza. Mjanja huyo!

Vumilia, dada yake mkubwa, naye alipiga makofi. Hilo ndilo lililomchoma sasa, amesimama kando ya kitanda cha hospitali pale Geita, mama kalala na dripu mkononi. Asubuhi alimkuta jikoni, nyumbani mtaa wa Kalangalala, ameanguka, jasho linamtiririka, hamtambui hata mwanawe. Sukari ilikuwa imeshuka hadi mbili.

"Nani alimpa vidonge vya sukari vikali hivi?" Vumilia akamvaa daktari.

"Ni mimi," Daktari Ezekiel akajibu, akifungua faili. "Dada, mama ana hamsini na tisa. Kwa umri huo sukari tunaibana. Angekuwa mzee, na hiyo presha yake na figo zinazochoka, ningeiacha ibaki juu kidogo, na dawa hii nisingempa kabisa. Mzee sukari ikimshuka, humuua haraka."

"Na macho yako yaliona hamsini na tisa?" Vumilia akamwonyesha mama kitandani. "Mgongo umepinda, fimbo mkononi, meno mawili! Ulimtibu mama au uliitibu kadi?"

Daktari akarudi kuisoma faili. Boaz, aliyekuwa nyuma yao, akamvuta dada yake mlangoni.

"Dada, nyamaza. Wakijua, kadi inafutwa na mimi kazi sina. Mwambie apunguze dozi tu, yaishe."

"Yaishe? Na kesho akitibiwa na daktari mwingine, atasoma nini? Huna haya wewe!"

"Daktari," sauti dhaifu ikatoka kitandani. "Nina sabini na nane. Uhuru ulinikuta nimeshavunja ungo. Andika."

"Mayu, mama yangu, kadi!" Boaz akalia.

"Chukua kadi yako, mwanangu. Ulinipunguzia miaka kwenye karatasi, nusura unimalizie na hii michache niliyobakiwa nayo."

Daktari akaikata ile hamsini na tisa, akaandika umri wa kweli, kisha akaifuta dawa. Boaz akatoka bila kuaga, na hakuna aliyemwita.