Marehemu Asitokee Kwenye Picha

Habari za kifo changu nilizipata nikiwa juu ya ngazi, nachomelea geti la mteja. Aliyeniletea ni Mama Mkaa, jirani yetu anayeuza mkaa pale kona, ambaye yeye ni mjane kweli. Mume wake alichukuliwa na ugonjwa huu mwanzoni kabisa, tulipokuwa bado tunabishana kama barakoa inafunika na pua au mdomo tu. Alisimama chini akanitazama kwa muda, halafu akaniambia nishuke, kuna kitu nikione kwenye simu yake. Nilishuka nikiwa mzima wa afya.

Kwenye simu kulikuwa na bango la lile shirika la Kikristo la ng'ambo linalosaidia kanisa letu. Mke wangu amejaa bango zima, anafuta machozi kwa nyuma ya mkono. Chini yake kulikuwa na maandishi ya Kizungu, na Mama Mkaa alikuwa ameshasomewa na binti yake: mama huyu amempoteza mumewe kwa janga hili, msaidie naye apumue. Siku ile ya picha naikumbuka vizuri. Mke wangu alikuwa jikoni mwa kanisa anamenya vitunguu, awapikie kina mama waliokuwa wanashona barakoa. Vitunguu vyenyewe vilikuwa vikali, hata mchungaji aliyechungulia mlangoni aliondoka analia, ila yeye hakuna aliyempiga picha.

Kumbe ile habari ilikuwa ya Mama Mkaa. Yeye naye alipigwa picha siku hiyo hiyo. Lakini alipoambiwa anapigwa picha alichana nywele, akavaa gauni la Jumapili, akatabasamu, kama anavyofanya mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Ofisi ya ng'ambo ikaona tabasamu hilo haliendani na msiba. Wakachukua msiba wa mmoja na machozi ya mwingine, wakavifungisha ndoa, na mahari yake nikatolewa mimi.

Nilikwenda kwa Mratibu wa shirika kudai uhai wangu. Mratibu ni mtu nadhifu, ana fulana nyeupe yenye picha ya mikono miwili inayoshikana, na wakati ule mikono kushikana ilikuwa marufuku. Alinipokea kwa majonzi. Alisema kosa ni la ofisi ya kule na limemuuma sana, lakini bango limegusa mioyo. Waumini wa kule, wenyewe wakiwa wamefungiwa ndani ya nyumba zao, wametoa mpaka mashine za oksijeni za zahanati yetu ziko njiani. Tukisahihisha sasa, watasema shirika ni la waongo, na mashine zitageuzia bandarini. Akaniuliza, kama Mkristo mwenzake, je, niko tayari watu wakose hewa kwa sababu ya majivuno yangu ya kuwa hai? Mchungaji, aliyekuwa ameketi pembeni yake, alinishauri niliombee jambo hilo. Kwa ufupi, niliombwa nibaki marehemu mpaka janga lipite.

Nikakubali. Zahanati ilikuwa na mashine moja kuukuu, na siku nilipokwenda kutengeneza bawaba za mlango wao nilimsikia mtu akiomba hewa. Ukishaisikia sauti ile, majivuno yanakosa pa kukaa.

Kazi ya umarehemu haikuwa nzito. Kila Jumapili baada ya ibada Mratibu alikuja kwetu na simu yake kubwa, wafadhili wakatokea kila mmoja kwenye kijidirisha chake, mke wangu akaketi sebuleni kufarijiwa. Mimi nilikaa chumbani mlango umefungwa, nimekatazwa kukohoa. Viatu vyangu viliondolewa mlangoni na mashati yangu yakaanuliwa kambani. Picha yetu ya harusi, ambayo kwa miaka ilikaa nyuma ya kabati inakula vumbi, ilipigwa msumari ukutani juu ya kichwa cha mke wangu. Sijawahi kuheshimiwa hivyo nikiwa hai.

Halafu wafadhili wakaomba niwekewe kumbukumbu. Mratibu akaona inafaa iwe stendi ya kunawia mikono mlangoni mwa zahanati, yenye ndoo juu na kanyagio chini ili mtu asishike bomba, na kibao kilichoandikwa Kwa Kumbukumbu ya Mume Mpendwa. Kazi hiyo alinipa mimi, maana fundi mwingine angeuliza maswali. Niliichomelea vizuri, nikaisugua kwa msasa, nikaipaka rangi mara mbili. Si kila marehemu anapata nafasi ya kuhakikisha kazi ya kumbukumbu yake haikulipuliwa. Siku ya uzinduzi niliombwa nisionekane.

Aliyetuharibia starehe hiyo ni Bibi wa Ng'ambo. Zamani alikuwa mkunga kwenye hospitali ya misheni huku kwetu, na Kiswahili alirudi nacho kwao, kimenyooka kama kimepigwa pasi. Mumewe alifariki kwa ugonjwa huu huu, kwenye hospitali kubwa isiyokosa kitu. Wenzake wakishaaga, yeye alibaki kwenye simu na mke wangu, wajane wawili. Siku moja nikiwa nyuma ya mlango nilimsikia akimuuliza, mwanangu, na wewe bado unatoa vikombe viwili vya chai? Mke wangu akajibu kwamba ndiyo, bado anatoa viwili. Hakusema uongo. Cha pili kilikuwa changu, nami nilikuwa nakisubiri.

Siku hiyo alinisusia mpaka usiku. Aliponiangalia tena aliniambia, "Yule bibi ana msiba. Mimi namwibia machozi yake." Alimfuata Mratibu akamwambia anataka kusema ukweli. Mratibu alimsihi asubiri mashine zifike. Zilipofika, alimsihi asubiri zifungwe. Zilipofungwa, mke wangu akaugua.

Alilazwa zahanati, akawekwa kwenye mashine iliyonunuliwa kwa vitunguu vyake. Muuguzi alikuwa peke yake na wodi nzima, kwa hiyo kila mgonjwa aliruhusiwa ndugu mmoja wa kumlisha na kumgeuza. Alinivisha barakoa na aproni ya plastiki, akanionyesha kigoda, akaniambia nikae hapo. Huyo hakujali kama mimi ni hai au marehemu, alichotaka ni mikono.

Lakini wafadhili nao walitaka kumwona mjane wao. Mratibu alikuja kila mchana na simu, na kila alipokuja nilitoka nje, nikasimama kwenye kumbukumbu yangu nikinawa mikono mpaka vidole vikakunjamana. Nilichoogopa ni kimoja tu, kwamba mke wangu ataondoka mimi niko nje nanawa.

Siku hali ya mke wangu ilipozidi kuwa mbaya, muuguzi aliniambia asubuhi nisiende mbali. Mchana Mratibu akafika kama kawaida. Nilikataa kutoka. Alininong'oneza kwamba kule watu wamefunga na kuomba kwa ajili yake, wako kwenye simu wote, na kuna mashine nyingine inazungumzwa. Dakika chache tu, kaka yangu. Muuguzi alikuwa upande wa pili wa wodi na mgonjwa mwingine. Nikatoka, Mungu anisamehe, nikasimama chini ya dirisha.

Nilisikia wimbo wa tumaini ukitoka kwenye simu. Katikati ya wimbo nikasikia sauti ya mke wangu, nyembamba, inakatika.

"Mume wangu yuko wapi? Niitieni."

Mratibu alisema maneno kwa lugha ya wale watu. Kisha, kwa kuwa Bibi wa Ng'ambo alimwelewa mke wangu, akayarudia kwa Kiswahili, taratibu na kwa huzuni. "Homa imempanda, mama. Anamwita marehemu."

Watu wakaanza kulia ndani ya simu. Nilikanyaga kanyagio nikanawa mikono, maana muuguzi angenifokea, na hata ufufuo una taratibu zake. Nikaingia. Mratibu aligeuza simu upande wa ukuta lakini alichelewa. Nilimpita nikakaa kwenye kigoda changu, nikaushika mkono wa mke wangu. Ulikuwa wa moto.

"Umekaa wapi muda wote huo?" akaniuliza.

"Nani huyo?" Sauti ya Bibi wa Ng'ambo ilitoka kwenye simu iliyokuwa inatazama ukuta. "Nigeuzie nione."

"Ni shemeji yake, mama," Mratibu akasema.

"Ni mume wangu," mke wangu akasema, kila neno na pumzi yake.

Nikaona liishe. "Ndiye mimi, bibi. Sikufa. Tulikudanganya, na yeye alitaka kukwambia zamani, akakatazwa."

Mratibu aliigeuza simu polepole, na nikamwona yule bibi kwa mara ya kwanza, mzee mwenye sweta la bluu, miwani imejaa ukungu. Wenzake kwenye vijidirisha walikuwa wanauliza kuna nini. Hakuwajibu. Nilijiandaa kutukanwa na kupokonywa mashine, na ningestahili.

"Mimi walinizuia mlangoni," akasema. "Palikuwa na kioo. Nikampungia mume wangu mkono, naye hakuniona." Alivua miwani. "Umemshika mkono?"

"Nimemshika, bibi."

"Usiuachie. Na wewe mwenye simu, iweke mezani, utoke nje."

Mratibu akatoka. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kwenye kumbukumbu yangu, hajui afanye nini, mwishowe akanawa mikono.

Mke wangu alipona, na mashine hazikuondolewa. Ofisi ya ng'ambo ilitengeneza bango jipya lenye picha ya Mama Mkaa, ila kwanza waliuliza kama anaweza kupunguza tabasamu. Aliwajibu kwamba akijisikia kulia atawaita. Bibi wa Ng'ambo hupiga kila Jumapili, na siku hizi haanzi na salamu, anaanza na kuuliza kama nipo. Juzi nilikuwa nyuma ya nyumba na kazi ya mtu, nikapaza sauti kwamba nipo. Bibi akasema kusikia hakumtoshi. Ikabidi niingie sebuleni na masizi yangu, nikaushika mkono wa mke wangu mbele ya simu, tukakaa hivyo mpaka yeye mwenyewe aliposema basi.