Haraka ya Diem

Wiki ile hakuna kiti kilichopata joto la wifi yangu Diem. Akikaa anainuka, akiinuka anazunguka nyumba, akimaliza kuzunguka anashuka kwenye mtumbwi na kusukuma upondo mpaka mwisho wa safu ya maua, anageuza, anarudi. Mbwa wetu alimfuata siku ya kwanza, ya pili akachoka akajilalia. Mimi nilitamani kumfunga kamba. Sijazaliwa na subira, na mwezi wa mwisho kabla ya Mwaka Mpya wetu wa jadi, hapa Sa Dec, unawamaliza hata waliozaliwa nayo.

Vyungu vyetu vya maua ya manjano hukaa juu ya vichanja vya mianzi, maji chini yake, nasi tunayahudumia tukiwa kwenye mitumbwi. Kila shina unaliachia tumba la kichwani na kuyakonyoa madogo ya pembeni, ili nguvu yote iende juu. Kisha unaomba yafumbuke wiki ya sikukuu. Yakiwahi umeumia. Yakichelewa umeumia zaidi, maana ua likishapita sikukuu hata mbuzi analiangalia kwa dharau. Kaka yangu Khai, mume wa Diem, yuko kwenye tishari linalobeba mchanga huko mtoni na hurudi mkesha wa sikukuu, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya wanawake watatu: mama, Diem na mimi.

Na kabla ya hapo Diem hakuwa anainuka kabisa. Mimba yake iliharibika wakati wa mvua, akageukia ukuta, akabaki hivyo. Haogi, hali, hasemi. Asubuhi moja nilimkuta amesimama ndani ya mfereji na nguo zake zote, maji yamefika kifuani. Nilipomuuliza anafanya nini akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alitaka kujua kina chake. Sikumwambia mama. Nilimpandisha kwenye pikipiki akiwa bado amelowa, nikampeleka hospitali.

Daktari Quyen ni mdogo kuliko mimi, lakini anaongea polepole kama mtu aliyewahi kusikilizwa vibaya. Alimpa vidonge, akaeleza. Kimoja kila asubuhi baada ya kula. Havifanyi kazi leo wala kesho, vinataka wiki nne, pengine sita. Siku za mwanzo mtu anaweza kuhisi wasiwasi, tumbo kuchafuka, usingizi kuruka. Ikizidi, apige simu. Asiongeze mwenyewe, asiache ghafla, asichanganye na dawa nyingine kabla ya kuuliza. Niliyasikia yote kwa masikio mawili. Tuliporudi nyumbani masikio hayo yakajaa maua, na vidonge nikamwachia Diem mwenyewe. Ni mtu mzima, nilisema.

Sasa mama. Kwa mama yangu kila kitu duniani ni cha moto au cha baridi. Tunda la durian ni moto, tangawizi ni moto, hasira zangu ni moto, na dawa ya kizungu inaongoza zote. Alipoona kile kidonge alitikisa kichwa, akachemsha choroko, kwa sababu choroko hupoza mwili. Asubuhi uji wa choroko, mchana choroko za sukari na tui la nazi, jioni bakuli jingine. Aliamka gizani kuziloweka na kuzimenya. Mimi na mama tunagombana tangu nijue kusema, lakini sitamruhusu mtu aseme alifanya vile kwa ubaya. Alimpenda Diem kuliko alivyonipenda mimi, na wala hakuficha.

Kwa hiyo Diem alipoanza kuinuka kitandani tulifurahi, kila mtu akijisifu kimoyomoyo. Mimi nikasema ni daktari, mama akasema ni choroko. Kisha kuinuka kukapita mpaka. Jasho lilimtoka asubuhi ya baridi, wakati sisi wengine tumevaa masweta. Kijiko kiligonga bakuli kabla hakijafika mdomoni. Alikimbilia chooni mara kwa mara, usiku alihesabu boriti za paa bila usingizi. Mama akasema ni ule moto wa dawa, akaongeza choroko. Mimi nikasema ni msimu, na nani asiyehangaika wakati wa msimu? Tulikosea wote wawili, na kila mmoja alikosea kwa kujiamini.

Alasiri moja nilikuwa nyuma yake kwenye mtumbwi wa pili. Nikaona kitu kinaelea majini, kikagusa upondo wangu. Tumba la ua, nene, bichi. Kisha jingine. Kisha maji yote yakawa yamejaa vichwa vya maua. Diem alikuwa amekonyoa matumba makubwa na kuyaacha yale madogo ya pembeni, chungu baada ya chungu, safu nzima.

Nilipandwa na hasira mpaka macho yakafanya kiza. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimuuliza kama amekuja kwetu kutufilisi, na kama kwao hawajui kichwa kinakaa wapi. Aliinua mikono akaitazama, nami nikaitazama. Ilikuwa inacheza yenyewe, vidole vyote, na taya lake likicheza vilevile.

"Hainisikii, wifi," alisema. "Naiambia tulia, haisikii."

Nilivuta mtumbwi wake hadi ukagusa wangu, nikamwekea kiganja shingoni. Alikuwa wa moto kweli, na mshipa ukipiga kwa kasi ambayo sijawahi kuigusa kwa mtu aliyesimama. Hasira yote ikanitoka nikabaki na woga mtupu, kwa sababu tulikuwa palepale, juu ya maji yaleyale aliyosimama ndani yake siku ile. Nilimuuliza anameza vidonge vingapi. Akasema kimoja. Nikamuuliza tena, nimemshika mikono yote miwili.

"Usimwambie mama," alisema.

Kumbe sokoni, Bi Bay muuza mboga alimtania kwamba mama mkwe wake anampenda sana mpaka anamvunjia dawa. Hapa kwetu hilo kila mtu analijua: mtu aliye kwenye dawa hali choroko, choroko huvunja dawa. Hata mimi niliamini, ila sikuwaza kwamba linahusu vidonge vya hospitali. Mama naye anaamini choroko huvunja moto tu na kuiacha dawa salama. Diem alikuwa amengoja siku baada ya siku aamke akiwa mtu, na kila siku aliamka vilevile. Maneno ya Bi Bay yakampa jibu. Dawa ilikuwa inaliwa na choroko.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mama hataki. Swali la kijinga, nililijua hata kabla halijamaliza kutoka. Mkwe hasukumi bakuli ambalo mama mkwe amempa kwa mikono miwili, na bakuli lenyewe ni la mtu aliyeamka kabla ya jogoo kwa ajili yako. Mimi binti wa nyumba nasukuma, natukanwa, tunacheka. Yeye hawezi.

"Kwa hiyo kila bakuli nikimaliza nameza kimoja cha kufidia," alisema. "Maua yakichelewa si tunaongeza mbolea?"

Nilipiga simu palepale kwenye mtumbwi, simu ikinitelezea mkononi. Daktari Quyen hakunikaripia. Aliuliza kama amemeza kitu kingine, dawa ya mafua, ya kikohozi, ya mitishamba, pombe. Hapana. Kama anatambua watu na mahali alipo. Ndiyo. Akasema asimeze kingine tena, tumlete sasa hivi na pakiti zote za vidonge, na asiachwe peke yake hata dakika moja.

Mama alitukuta tukipanda ngazi, akamwona Diem, akaenda kuchukua kofia yake bila kuuliza. Akarudi na chupa ya choroko chini ya kwapa. Tuligombana pale ngazini, mimi nikivuta chupa naye akiivuta, Diem akitembea huku na huko kati yetu kama hatumhusu. Mwishowe niliitupa chupa kwenye majani. Mama alinikata jicho, lakini alipanda pikipiki. Niliendesha mimi, Diem katikati, mama nyuma amemkumbatia asianguke, na njia nzima nilihisi magoti ya Diem yakinigongagonga ubavuni.

Hospitali walimlaza, wakampima joto na presha na mapigo ya moyo, wakamtundikia dripu. Daktari alimgonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka juu kana kwamba si wake. Hakufurahishwa na mguu ule. Alisema dawa imezidi mwilini, ndiyo inayomtetemesha na kumtoa jasho, na tumemwahi. Leo dawa inasimamishwa, naye atalala hapa wamwangalie. Kisha akauliza vidonge vilizidi kwa sababu gani, na kwa kuwa Diem alifumba macho, nikaeleza mimi. Mama alikuwa amesimama mwisho wa kitanda, upande wa miguu. Sikuwa na njia ya kueleza bila yeye kusikia.

Daktari alisema choroko ni chakula. Hazivunji dawa hii, hazikuwa zinakula chochote. Na hata kama kungekuwa na chakula kinachoizuia, dawa ya hapo ni kuuliza, siyo kuongeza.

"Kila bakuli?" mama aliuliza. Hakumuuliza daktari. "Mwanangu, kila bakuli langu?"

Diem alisema, "Samahani, mama."

Mama alikaa chini kwenye kiti, taratibu, akishikilia chuma cha kitanda. Alizeeka mbele yangu. Niliwahi kumtakia mama ajue siku moja kwamba na yeye hukosea. Siku hiyo ilikuwa imefika nami sikuipenda hata kidogo. Kisha akasema basi imetosha, vidonge vitupwe, tumrudishe nyumbani, ataponea mikononi mwetu. Diem naye akadakia kwamba hataki tena, hataki kukiona kidonge. Na nikiri, kwa kuutazama ule mwili ukitetemeka chini ya shuka, kidogo nami niseme hivyohivyo.

Daktari Quyen alitusikiliza mpaka mwisho. Alisema kilichomdhuru Diem ni wingi, na wingi utatoka mwilini. Ugonjwa uliomleta bado upo palepale, na kuacha moja kwa moja ni kumrudisha alikokuwa. Mwili ukitulia wataanza upya, kidogo kidogo, naye atamwona kila wiki. Kisha akavuta kiti karibu na kichwa cha Diem na kumuuliza, kwa sauti ileile aliyoulizia dawa ya mafua, kama bado anapata mawazo ya kufa.

Mama aliruka. "Daktari, mwaka uko mlangoni. Neno hilo halisemwi."

Kwetu halisemwi kweli. Mwezi ule hatuvunji sahani, hatutaji deni, hatutaji jeneza. Neno baya likisemwa linaingia na mwaka mpya na kukaa miezi yote kumi na miwili. Nilimtazama mama, nikamtazama daktari, na kwa mara ya kwanza nilikosa upande wa kugombania. Lakini Diem alikuwa ameshafumbua macho.

"Ninayo kila asubuhi," alisema. "Nikiamka kitu cha kwanza nauona ule mfereji."

Mguu wake ulikuwa unasugua shuka, unasugua tu.

"Ulisema wiki nne, labda sita," alimwambia daktari. "Nikapiga hesabu nikaona sifiki. Kisha nikasikia dawa yenyewe inavunjika, na kwamba hata hizo sita hazitatosha. Nilikuwa namkimbilia Khai, na mama, na huyu wifi yangu mkali. Nilitaka dawa iwahi kabla sijaenda."

Mimi nilikuwa nimeshafikiri yote. Nilifikiri ni ujinga, nilifikiri ni aibu ya ukwe, na njiani, na yale magoti yakinigonga, nilifikiri alikuwa anajaribu kujiua kwa vidonge. Sikuwa nimefikiri kwamba alikuwa anang'ang'ania kuishi, na kwamba haraka yote ile, kuzunguka nyumba, kwenda na kurudi majini, ilikuwa ya mtu anayekimbizana na kitu kinachomfuata nyuma, na sisi tuko pale tunamwambia akae atulie. Nililia. Nililia kwa sauti, wodi nzima ikageuka.

Mama hakulia. Aliushika ule mguu unaosugua, akauweka mapajani mwake, akaukandamiza kwa viganja vyote viwili.

"Nieleze mimi, daktari," alisema. "Saa ngapi, baada ya chakula gani, na siku akisahau tufanyeje. Polepole, mimi ni mzee."

Daktari alieleza. Alisema vidonge vitakaa kwa mama na atampa kimoja kimoja mkononi. Siku akisahau, imepita hiyo, kesho anaendelea na kimoja, hakuna kufidia. Akiumwa kichwa, akikohoa, akitaka hata mzizi wa kuchemsha, apige simu kwanza. Mama alirudia kila neno, akikosea anarudia tena, nami sikumsahihisha. Alipofika mwisho Diem alimkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Na hilo lingine, mama," alisema. "Mniulize. Kila asubuhi mniulize, kwa jina lake. Msipite kimya."

Mama aliangalia mlango, kana kwamba mwaka umesimama pale unasikiliza. Kisha akamgeukia Diem, na kwa kinywa chake mwenyewe akalitaja neno kufa, akamuuliza palepale.