Sauti ya Mzee Dukani

Fundi sauti wa redio aliingia duka la simu kununua waya, akamsikia baba yake, waliyemzika mwaka jana, akitangaza mpira ndani ya kompyuta.

Sauti yenyewe aliirekodi yeye. Wiki sita mzee alikaa sebuleni, blanketi magotini, akitangaza mechi za kubuni, huku yeye, bintiye, akizipanga kelele zake moja moja. Kisha akazitia kwenye gemu la kandanda kama nyongeza, akawagawia wachezaji mtandaoni bure.

Kilichomkata maini ni picha iliyofuata bao: tangazo la kamari, na mzee akihimiza, "Weka! Usiogope, weka!" Kwenye rekodi alikuwa akimhimiza mshambuliaji afunge, maskini. Mtu alikuwa amekata maneno na kuyabandika hapo. Mzee huyo, aliyeichukia kamari kama ukoma!

Nyuma ya kaunta alisimama binamu yake, mtoto wa shangazi, aliyelibeba jeneza begani siku ya mazishi.

"Karibu dada! Nyongeza hii ya mjomba inauzika kama maji."

"Nani alikuruhusu?"

"Si uliigawa bure? Cha bure hakina mwenyewe. Halafu mjomba jina linakua!"

Akatoka bila waya.

Wakili, rafiki yake tangu shuleni, alisoma masharti ya gemu hadi mwisho. "Gemu ni mali ya kampuni. Wanaruhusu nyongeza za mashabiki, ila zisiuzwe. Binamu yako hana pa kusimama. Na sauti ya mzee ni haki yenu warithi, si yake."

"Basi niwaandikie kampuni."

"Waandikie, ila ujue: wakianza kufuta, huenda wasitenganishe pumba na mchele. Na yako itakwenda."

"Mimi sikuuza hata moja!"

"Najua. Lakini na wewe umejenga kwenye kiwanja cha watu."

Aliona kinyaa: kwa binamu, kwa kampuni, hata kwa nafsi yake iliyomweka mzee mahali pa kuokotwa na kila apitaye. Akaandika barua palepale, mezani kwa wakili.

Siku ya tisa nyongeza zote mbili zilifutwa. Shangazi akapiga simu kabla chai haijapoa.

"Umemtia mwenzio kidole jichoni! Damu ni nzito kuliko maji, mama."

"Ndiyo, shangazi. Ndiyo maana imenikwama kooni."

Shangazi akakata.

Rekodi halisi anazo bado kabatini, lakini kila akifika kwenye "weka," huizima. Juzi shabiki mmoja alimwandikia, kwa heshima zote, kwamba anayo nakala ya zamani isiyo na matangazo, sauti safi kabisa ya yule mtangazaji mzee. Kama dada ataipenda, atamwachia kwa bei ya kirafiki.

Aliusoma ujumbe mara mbili, akaufuta.