Barabara ya Kanisa Imehamia Mjini

Edmée Haché alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha basi la shule alipouona moshi. Haukuwa ule mwembamba wa jiko la kuni. Ulikuwa mweusi, mzito, ukitoka paani kwa Mzee Alcide, jirani yake wa ng'ambo ya barabara.

Alipiga simu huku akikimbia. "Nyumba inaungua! Barabara ya Kanisa!"

"Gari linatoka sasa hivi," akajibiwa.

Zamani gari la zimamoto lililala hapohapo, kwenye banda la ukumbi wa parokia ya Saint-Ludger, maana huko parokia ndiyo iliyokuwa serikali ya kijiji. Babu zao waliyakokota magogo ya ukumbi huo kwa farasi kutoka msituni, na humo watu wa parokia waligombana kila mwaka juu ya madaraja na mitaro, kisha wakanywa supu pamoja. Halafu serikali ya jimbo ikasema parokia ndogo ni mzigo, ikaiunganisha yao na mji wa ng'ambo ya mto. Gari likaenda mjini. Ukumbi ukatiwa kufuli.

Alimkuta Alcide nje, miguu mitupu kwenye theluji, paka kifuani.

"Picha za Rose-Anna zimebaki ndani," mzee alisema juu ya marehemu mkewe, akageuka kuurudia mlango.

Edmée akamshika mkono. "Rose-Anna mwenyewe angekuzaba kofi. Twende!"

Majirani walikuja na makoleo, wakarusha theluji madirishani. Ilikuwa sawa na kulitemea mate tanuri. Walisikia king'ora ng'ambo ya mto. Kikazunguka, kikanyamaza.

Mjini nako kulikuwa na Barabara ya Kanisa, na gari lilikwenda huko kwanza. Baada ya kuunganishwa, yao ndiyo iliyobadilishwa jina na mtu ambaye hakuwahi kufika Saint-Ludger, ikaitwa Njia ya Machweo. Gari lilipotokea, bomba la moshi lilikuwa limesimama peke yake.

Jioni walivuka mto kwenda kwenye kikao cha halmashauri, Alcide akiwa na viatu vya kuazima. Meya Guimond alikuwa mtu mpole, na upole wake ulichosha kuliko ukali.

"Jina na anwani kwanza, Bi. Ndio utaratibu."

"Edmée Haché. Barabara ya Kanisa, Saint-Ludger."

Karani akamnong'oneza meya, meya akakohoa. "Poleni sana kwa yaliyowapata. Lakini anwani hiyo haipo tena. Kama asubuhi ungetaja ile sahihi..."

"Haya, umesikia?" Alcide alisema kwa sauti. "Kumbe nyumba nimeichoma mwenyewe."

"Mheshimiwa," Edmée akasema, "mtu akiona moto anataja jina alilofundishwa na mama yake. Hana muda wa kukumbuka lenu."

"Nakuelewa, Bi. Lakini bila anwani inayotambulika siwezi kukuruhusu uendelee."

"Barabara ya Kanisa."

"Basi naomba ukae."

Hakukaa. Nyuma yake kiti kililia, na Alcide akainuka taratibu, akishikilia bega la mwenzake.

"Alcide Losier. Barabara ya Kanisa."

Wakainuka na wengine, mmoja mmoja, wakitaja majina yao na barabara ile ile. Karani aliweka kalamu mezani.

Meya alingoja wamalize. Kisha akatangaza ajenda inayofuata, ya uzoaji wa takataka, na watu wa Saint-Ludger wakaisikiliza hadi mwisho, makoti mwilini, wote wima.